Mwizi wa Kalamu: Kwa Nini Twapenda Hadithi za Fedha Nyingi

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima ya Mpanda na vijiji vyake. Limepigwa chapa ili wale waliokosa kusikia vizuri, na wale ambao betri ziliwaishia katikati, wapate kulisoma polepole.)

Natumaini mmekwisha keti, na taa imewekwa mahali ambapo kila mmoja aona ukurasa wake. Majuma yaliyopita tulisoma habari za mbolea, na barua ya kuomba kazi, na namna ya kusoma risiti ya mizani. Leo tutazungumza juu ya vitabu vya kusisimua, hasa vile vinavyoeleza mambo ya mabenki na fedha nyingi. Najua wako wenzetu wasemao kwamba vitabu hivyo ni vya vijana wasio na kazi. Ngojeni kidogo kabla ya kukata shauri.

Siku moja nilikuwa katika gari moshi litokalo Tabora kuja Mpanda. Tulipokwisha kuacha Kaliua, kijana mmoja akatoa kitabu kilichokuwa hakina jalada tena, kwa jinsi kilivyopita katika mikono ya watu wengi. Akasoma. Mama mmoja aliyeketi mbele yake akamkaribisha karanga, hakusikia. Akamkaribisha tena. Kijana akasema, "Mama, samahani, ngoja kwanza, wanaingia benki." Behewa zima likacheka. Lakini kabla hatujafika Mto Ugalla watu walikuwa wamekwisha mwomba asome kwa sauti, na yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Ehe, na yule meneja, anajua?"

Nikafikiri sana juu ya jambo lile. Katika behewa lile nadhani hapakuwa na mtu aliyepata kuingia katika chumba cha hazina cha benki. Wengine hawakuwa na akaunti hata moja. Kwa nini basi habari za mamilioni yasiyo yao ziliwashika hata wakasahau joto?

Kwanza tufahamu tunazungumza juu ya kitu gani. Hadithi ndefu iliyotungwa huitwa riwaya. Riwaya ya upelelezi ni ile ambayo ndani yake kuna kosa lililofichwa, na mtu anayelitafuta. Kwa Kiswahili vitabu vya namna hii vina umri wa kutosha. Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la Afrika ya Mashariki la mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ikapigwa chapa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hategemei bastola. Ana kiko chake na akili yake. Mwaka 1965 Bwana Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatuletea Kufa na Kupona, na ndani yake jasusi Willy Gamba, ambaye watu wengi walimjua kuliko walivyomjua diwani wao. Kisha akaja Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, jirani zetu hapa, na mpelelezi wake Joram Kiango. Kitabu kimoja cha Mtobwa kinaitwa Pesa Zako Zinanuka. Jina hilo peke yake latosha kumfanya mtu atoe nauli yake mfukoni akinunue.

Na jambo moja wengi hawalijui: Marehemu Musiba mwenyewe alikuwa mtu wa biashara, akapata kuongoza chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima wa Tanzania. Mtu aliyeandika habari za majasusi alikuwa akijua pia habari za hundi na mikopo.

Sasa, katika vitabu vya namna hii kuna wizi wa namna mbili. Mwizi wa kwanza huja usiku na panga, au na bunduki. Huyo twamjua, na mbwa amjua. Mwizi wa pili huja saa tatu asubuhi, amevaa tai, anasalimiwa na mlinzi, anakaa mezani na kushika kalamu. Akiondoka saa kumi jioni, fedha zimekwisha ondoka kabla yake, na hakuna dirisha lililovunjwa. Huyo wa pili ndiye anayetushika zaidi, maana hatujui alivyofanya. Twataka kujua. Tunafungua ukurasa mwingine, na mwingine, mpaka mafuta ya taa yanakwisha.

Hadithi ya namna hiyo iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, mnaweza kuisoma kwa Kiswahili kizuri, na aliyeifasiri mnamfahamu. Ni Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akauita Mabepari wa Venisi. Angalieni jina hilo. Shakespeare alisema mfanyabiashara. Mwalimu akasema mabepari. Kwa neno moja amekwisha kutuambia anavyowaona watu wale wote.

Habari yenyewe ni hii. Kijana Bassanio ataka fedha ili apate kwenda kumposa mwanamke tajiri aitwaye Portia. Hana kitu. Amwendea rafiki yake Antonio, mfanyabiashara mwenye merikebu nyingi. Lakini fedha za Antonio zote ziko baharini, ndani ya merikebu hizo. Basi Antonio akopa kwa Shylock dukati 3,000, kwa muda wa miezi mitatu. Shylock asema hataki riba. Ataka waandikiane tu, kama kwa mzaha, kwamba deni lisipolipwa siku ile, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Antonio acheka, atia sahihi.

Tangu hapo msomaji hana raha. Siku zinakwenda. Habari zinakuja kwamba merikebu moja imezama, kisha nyingine. Siku ya deni yapita. Wanafika barazani, Shylock ananoa kisu chake katika soli ya kiatu. Wamletea fedha mara mbili ya deni, azikataa. Anataka kilichoandikwa. Ndipo aingia wakili kijana, ambaye kumbe ni Portia amevaa mavazi ya kiume, naye hasemi kwamba mkataba ni mbaya. Asema: usomeni vizuri. Umeandikwa nyama, haukuandikwa damu. Kata, lakini usimwage hata tone.

Mnaona jinsi ilivyo? Hakuna bunduki. Kuna karatasi, tarehe na neno moja lililosahauliwa. (Niseme pia kwamba Shylock alikuwa Myahudi, na watu wa mji ule walimdharau kwa dini yake. Antonio mwenyewe alikuwa amemtemea mate. Mkisoma, msimwone kuwa shetani aliyezaliwa na kisu mkononi.)

Nilipolisomesha jambo hili katika darasa moja la jioni, hapa hapa wilayani, mzee mmoja mkulima wa tumbaku akainua mkono. Mzee huyu alikuwa si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Mwalimu, huyu Antonio ni mimi."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana yeye hakucheka. Akaeleza. Msimu mmoja alijiunga katika kikundi ili wapate mbolea na dawa za tumbaku kwa mkopo. Wakaletewa karatasi, akatia dole gumba. Akalima, akavuna, akakausha, tumbaku yake ikapata daraja zuri. Siku ya malipo akapokea fedha zisizofika hata kununua mabati kumi. Wenzake wawili walikuwa wameuza tumbaku yao kwa njia ya panya, wakaondoka, na deni lao likakatwa kwake na kwa wale waliobaki. Kwa miaka mitatu aliamini kwamba karani alimwibia. Alikuwa hasalimiani na karani yule hata msibani.

Nikamwambia, "Mzee, karatasi hiyo unayo?" Akasema iko katika sanduku, chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto. Juma lililofuata akaja nayo, imekunjwa mara nne. Tukaikunjua juu ya meza, na darasa zima likainama. Hatukumsomea. Alisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno, taratibu sana, na mara mbili akarudi nyuma. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno yenye maana kwamba kila mwanachama atawajibika kwa deni lote la kikundi. Akayasoma tena. Kisha akasema, "Kumbe lilikuwa hapa siku zote."

Fedha zake hazikurudi. Lakini kesho yake alikwenda kwa karani.

Turudi katika vitabu. Antonio, kwa lugha ya leo, ni mdhamini: mtu aliyeweka mwili wake badala ya mali ya mwenzake. Nadhani hapo ndipo penye siri ya hadithi hizi. Twadhani kwamba tunasoma mambo ya matajiri wa mbali, kumbe tunasoma mambo ya dhamana, na deni, na ahadi, na tarehe inayokaribia. Nani kati yetu hajui tarehe inayokaribia?

Huko ng'ambo vitabu vya mambo ya fedha vimekuwa biashara kubwa. Mfaransa Émile Zola aliandika riwaya aliyoiita Fedha mwaka 1891, akitumia habari za benki iliyoanguka nchini kwake mwaka 1882. Lakini mtu ninayependa kuwaeleza zaidi ni Paul Erdman. Huyu alikuwa mkuu wa benki moja katika mji wa Basel, Uswisi. Mwaka 1970 benki ile ilianguka baada ya kupoteza fedha nyingi mno katika kubashiri bei ya kakao. Erdman akawekwa gerezani kungoja kesi yake, na humo gerezani akaanza kuandika riwaya juu ya mabenki. Ikatoka mwaka 1973, ikanunuliwa sana, naye tangu siku hizo akawa mwandishi. Wasomaji walimwamini kwa sababu walijua alitoka ndani ya nyumba anayoisimulia.

Labda utauliza: watu wa Basel, mahali penye theluji, walipotezaje fedha katika kakao? Walikuwa na shamba? Hapana. Fikirini jambo hili kwa mfano wa kwetu. Mkulima wa mpunga wa Mwamkulu ana shida ya fedha mwezi wa pili. Mpunga ungali kijani. Aja mtu amwambia, "Nakupa fedha leo, nawe ukivuna utanipa magunia kumi." Huko Kagera biashara kama hiyo ya kahawa huiita butura. Mnunuzi amenunua kitu ambacho bado hakipo. Bei ikipanda wakati wa mavuno, amepata faida kubwa. Ikishuka, amepata hasara. Sasa ongezeni jambo moja: mnunuzi yule, kabla ya mavuno, amwuzia mtu wa pili ile ahadi ya magunia kumi, na yule wa pili amwuzia wa tatu, na hakuna hata mmoja aliyeuona mpunga. Katika miji mikubwa ya dunia ahadi za namna hiyo huuzwa kutwa kucha. Watu wa benki ile walinunua na kuuza ahadi za kakao kwa fedha za wenye amana, wakidhani bei itafuata matakwa yao. Haikufuata.

Hayo ni ya wenzetu. Na sisi je? Sisi tunayo hadithi yetu ya kweli, na haihitaji kutiwa chumvi. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi yetu ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Mfanyabiashara aliyeagiza vitu kutoka ng'ambo alilipa shilingi zake benki hapa, lakini dola au pauni za kumpelekea muuzaji zilikuwa hazipatikani. Deni likaandikwa, likangoja. Madeni hayo yalikaa katika akaunti iliyojulikana kwa herufi tatu, EPA, nayo ikawa chini ya Benki Kuu. Miaka mingi ikapita. Kisha wakaja watu wenye makampuni, wakiwa na karatasi zisemazo kwamba mdai wa ng'ambo amewahamishia wao lile deni la zamani, kwa hiyo walipwe wao. Wakalipwa. Ukaguzi wa hesabu za mwaka 2005/06 ulionyesha kwamba makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 isivyo halali. Mwezi wa Januari 2008 Rais alitengua uteuzi wa Gavana, na baadaye mwaka huo huo watu kadhaa wakafikishwa mahakamani.

Hebu andikeni ubaoni: 133, kisha sifuri tisa. Bwana Muhammed Said Abdulla ana kitabu kiitwacho Siri ya Sifuri, cha mwaka 1974. Nasi hapa tunazo sifuri zenye siri nyingi. Kama ungepewa fedha hizo kwa noti za shilingi 10,000, ukawa wahesabu noti moja kila sekunde, bila kula wala kulala, ungemaliza baada ya siku karibu 154. Mwanafunzi anayejua kugawanya anaweza kunisahihisha.

Na nani aliyefumbua jambo lile? Si Willy Gamba. Ni wakaguzi wa hesabu, watu wanaokaa na mafaili kutwa, wakilinganisha sahihi na tarehe. Hapa nina lawama yangu kwa waandishi wetu wa vitabu vya kusisimua. Wanapenda sana mtu mmoja hodari anayepiga watu kumi na kuendesha gari kwa kasi. Wanawake katika vitabu vyao, mara nyingi, kazi yao ni kuwa wazuri na kusaliti. Na mwizi mkubwa huvalishwa suti nzuri, akapewa maneno matamu, hata kijana akimaliza kitabu hajui kama anataka kuwa mpelelezi au mwizi. Ningependa kusoma riwaya ambayo shujaa wake ni mama mwenye miwani, anayeona kwamba sahihi mbili zilizotiwa miaka kumi mbalimbali zimetumia wino mmoja.

Hata hivyo siwakatazi kuvisoma. Kitabu cha kusisimua humfundisha mtu mwendo wa kusoma, jambo ambalo vitabu vyetu vya mbolea haviwezi. Tena humfundisha kushuku. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, mpango uliowaambia watu "wapande mbegu" za fedha kisha wavune mara mbili au zaidi. Watu wengi walikuwa wamepanda. Malipo ya waliotangulia yalitoka katika fedha za waliofuata, na mpango wa namna hiyo hauna budi kufa siku wafuasi wapya watakapopungua. Msomaji wa riwaya angeuliza mapema: shamba lenyewe liko wapi?

Kwa sisi watu wa Mpanda, riwaya nyingine ambayo haijatungwa tunapanda juu yake kila tusafiripo. Ile reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, haikujengwa kwa ajili yetu. Ilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa Mpanda, ili kubeba madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Fikirini mikutano iliyofanywa mbali sana na hapa, watu wakihesabu tani na bei, wakiamua kulaza vyuma katika msitu mtupu. Na miaka kumi baadaye wakihesabu tena, na kuamua kufunga. Madini yakakoma. Gari moshi likabaki, likabeba watu, na mahindi, na asali, na kijana yule na kitabu chake kisicho na jalada. Mwandishi atakayetaka kisa cha fedha nyingi asiende London kukitafuta.

Na kama mwataka kuona kisa kidogo, nendeni katika kikundi cha kuweka na kukopa siku ya mkutano. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu mbalimbali, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Wote wanne wafika. Kufuli ya kwanza yafunguliwa, ya pili yafunguliwa. Mwenye ufunguo wa tatu apapasa mfukoni, kisha mfuko mwingine. Tazameni nyuso za watu.

Sasa kazi ya darasa. Mwenye kuwa na kitabu cha Mabepari wa Venisi akilete; darasa ligawane sehemu, mmoja awe Antonio, mmoja Shylock, na Portia awe mama yeyote mwenye sauti ya kusikika. Kisha zungumzeni maswali haya. Antonio alifanya kosa gani, kabla merikebu hazijazama? Kama Shylock angeandika "nyama na damu", Portia angesema nini? Na kila mwenye karatasi aliyoitia dole gumba, iwe ya mkopo, au ya kiwanja, au ya kikundi, ailete juma lijalo. Hatutamsomea. Atasoma mwenyewe, nasi tutaleta taa karibu.